Mgongo upi, tiba ipi: kulinganisha kabla ya kuchagua

Mzee mmoja kutoka Bahi aliketi mbele yangu, akaegemeza fimbo yake ukutani, akasema, "Mwanangu, nimeambiwa pingili zimesagika. Nipe mazoezi." Mkononi alikuwa na picha ya X-ray iliyokunjwa mara nne na mfuko wa vidonge vya maumivu alivyonunua kwa miezi saba. Nikamwuliza kama anatoka jasho usiku. Aliyejibu ni mkewe: shuka hulowa, na suruali zake zote siku hizi hufungwa kwa kamba. Siku ile mzee hakuhitaji mazoezi yangu. Alihitaji kupimwa kifua kikuu cha mifupa.

Nafanya kazi ya fiziotherapia hapa Dodoma, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni: mazoezi, dawa, sindano au upasuaji, kipi bora? Swali hilo halijibiki mpaka tujue ni mgongo upi. Kwetu neno "mgongo" hubeba kila kitu. Mmoja kaambiwa diski imehama, mwingine maji ya mgongo yamekauka, mwanaume kaambiwa ni ngiri, mwanamke kaambiwa ni UTI, na mama aliyejifungua kwa upasuaji anailaumu sindano ya ganzi aliyochomwa kiunoni. (Sindano ile haijathibitika kuleta maumivu ya mgongo ya miaka. Mimba yenyewe, kuinama kwa kunyonyesha na kubeba mtoto ndivyo vinavyouchosha mgongo.) Kwa hiyo nitalinganisha magonjwa kwanza, kisha tiba.

Migongo mitatu inayofanana kwa mbali

Karibu watu 90 katika kila 100 wenye maumivu ya kiuno wana mgongo ambao naweza kuuita wa kawaida. Misuli, maungio madogo ya pingili na kano vimechoka au vimeshtuka, na hakuna kilichovunjika, kilichooza wala kilichobanwa. Maumivu hukaa kiunoni, pengine hushuka kwenye makalio, na hubadilika kadiri unavyogeuka. Anayekata zabibu siku nzima Hombolo huyajua, na dereva wa bodaboda anayepita makorongo ya Nkuhungu huyajua pia. Mengi hupungua sana ndani ya wiki sita, ingawa yana tabia ya kurudi.

Mgongo wa pili ni wa diski. Kati ya pingili na pingili kuna kifuko chenye ganda gumu na ute mzito ndani. Ukiminya zabibu iliyopasuka kidogo, nyama yake huchungulia kwenye ufa. Ndivyo diski inavyofanya, na ule ute ukigusa mshipa wa fahamu, mguu ndio unaolia kuliko kiuno. Mara nyingi hutokea kwenye diski mbili za mwisho za kiuno. Ikiguswa ile ya juu kati ya hizo mbili, maumivu na ganzi hupita upande wa nje wa mguu hadi juu ya unyayo na dole gumba, na mtu anaweza kushindwa kuinua unyayo, ndala ikawa inaburuzika. Ikiguswa ya chini kabisa, maumivu hupita nyuma ya paja na kigimbi hadi kisiginoni na kidole kidogo, na kusimama kwa ncha za vidole huwa shida. Kukaa, kuinama, kukohoa na kupiga chafya huongeza maumivu. Kusimama au kutembea taratibu mara nyingi humpa mtu nafuu.

Wa tatu ni mfereji mwembamba, na huu huwapata zaidi waliovuka miaka 60. Kwa miaka mingi mifupa imeota vinundu na kano zimenenepa, sasa njia inayopitisha mishipa ya fahamu imebana. Dalili zake ni kinyume cha diski. Kusimama na kutembea ndiko kunakoumiza, miguu yote miwili huwa mizito au yenye ganzi, na kukaa au kuinama hutuliza. Nina mzee ninayemtumia kama mfano nikifundisha wanafunzi: akisukuma baiskeli yenye madumu ya maji, anatembea bila shida kutoka kwenye kioski hadi kwake. Akirudi bila baiskeli, husimama mara tatu njiani na kuchuchumaa. Majirani waliona anadeka. Kumbe anaposhika usukani huinama mbele, mfereji ukapanuka kidogo, mishipa ikapumua.

Tofauti hii ndiyo inayoamua mazoezi. Wengi wenye diski hupata nafuu kwa mazoezi ya kunyoosha mgongo kwa nyuma, kama kulala kifudifudi na kujiinua kwa viwiko. Mpe mwenye mfereji mwembamba zoezi hilohilo, atarudi kesho akilia. Yeye anafaa kukunja magoti kifuani akiwa chali, kuendesha baiskeli na kuimarisha misuli ya tumbo na nyonga. Ndiyo maana napata wasiwasi mtu anapojifunza mazoezi ya mgongo kwa kumwiga jirani aliyepona.

Kifua kikuu na brusela: hapa ndipo tunapokosea

Mikoa yetu ya kati ni ya mifugo. Tunanunua nyama mnadani Msalato, tunakunywa maziwa yaliyokamwa asubuhi, na wapo wanaoamini kuyachemsha ni kuyaharibu. Sikushangaa basi kukuta magonjwa mawili ya vijidudu yakijificha nyuma ya neno "pingili", nayo yanafanana mno hata daktari mzoefu huomba vipimo vya yote mawili.

Kifua kikuu cha mgongo huanza kimya. Vijidudu husafiri kwa damu, mara nyingi kutoka mapafuni, vikatua kwenye pingili. Huhitaji kuwa na kikohozi, na makohozi yanaweza kupimwa yasionekane kitu. Maumivu huongezeka wiki hadi wiki na hayapungui ukilala, yanaambatana na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda. Huharibu diski na pingili zilizo jirani hadi zikaporomoka kwa mbele, ndipo kibyongo chenye ncha kinapotokeza. Daktari Mwingereza Percivall Pott alikieleza kibyongo hiki pamoja na kupooza miguu mwaka 1779, na mpaka leo ugonjwa una jina lake. Usaha wake unaweza kuteremka kwenye msuli wa ndani na kujitokeza kinenani kama uvimbe laini usio na joto. Ndugu zangu wanaume, uvimbe wa kinena pamoja na maumivu ya mgongo na kukonda usiuite ngiri mpaka upimwe.

Brusela ni ugonjwa unaofanya ng'ombe, mbuzi na kondoo watupe mimba. Binadamu huupata kwa maziwa mabichi, kwa mtindi uliotokana na maziwa yasiyochemshwa, au kwa kumzalisha mnyama na kushika kondo lake mikono mitupu. Homa yake huja na kuondoka, jasho ni jingi, viungo na misuli huuma, na mtu hupewa dawa ya malaria mara nne kabla ya yeyote kuuliza habari za mifugo. Hupenda kiuno na maungio ya nyonga. Ukiuweka kando ya kifua kikuu, brusela kwa kawaida huacha umbo la pingili lilivyo, kibyongo ni nadra, ila maumivu yanaweza kuwa makali kiasi cha mtu kushindwa kugeuka kitandani.

Tiba zake zinapishana kwa hatari. Brusela ya mgongo hutibiwa kwa antibiotiki zaidi ya moja kwa pamoja, doksisaiklini ikiwa mojawapo, kwa muda usiopungua miezi mitatu. Kifua kikuu huanza na dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili zinaendelea, na kwa mgongo safari nzima mara nyingi hufika miezi 9 hadi 12. Dawa iitwayo rifampisini hutumika kwa magonjwa yote mawili. Mwenye kifua kikuu akipewa tiba ya brusela kwa kubahatisha, atapata nafuu ya uongo kwa wiki chache huku vijidudu vikijifunza kuishinda dawa. Omba kipimo cha damu cha brusela, picha ya mgongo, kipimo cha VVU, na ikiwezekana sampuli ya usaha ichukuliwe kwa sindano ipimwe kwa mashine ya vinasaba. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure kwenye vituo vya serikali, kwa hiyo gharama isikurudishe nyumbani.

Wengi wenye kifua kikuu cha mgongo hupona kwa dawa bila kisu. Upasuaji huingia pale miguu inapozidi kulegea, usaha unapobana uti wa mgongo, au kibyongo kinapozidi kukua. Yule mzee wa Bahi hakupasuliwa. Alimaliza dawa, na mazoezi aliyoyataka siku ya kwanza tulianza mwezi wa nne wa tiba.

X-ray au MRI

X-ray ni rahisi na hupatikana hadi hospitali za wilaya. Huonyesha mifupa: iliyovunjika, iliyoporomoka, iliyopinda. Haionyeshi diski wala mshipa wa fahamu, kwa hiyo anayekwambia "X-ray imeonyesha diski imebana mshipa" amekisia kutokana na nafasi kati ya pingili. MRI, picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku, huonyesha diski, mishipa, usaha na uti wenyewe, lakini ni ghali na hupatikana hospitali kubwa tu.

Ubaya wa MRI ni kwamba huonyesha mno. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015, uliokusanya picha za watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote, ulikuta diski zilizovimba kwa watu 30 katika kila 100 wenye miaka 20, na kwa 84 katika kila 100 wenye miaka 80. Hao wote walikuwa wazima. Pingili "zilizosagika" kwenye picha ya mtu wa miaka 55 ni sawa na mvi kichwani mwake. Nimeona watu wakiacha kulima na kubeba wajukuu kwa sababu ya sentensi moja kwenye karatasi ya majibu, na hili linaniuma sana. Ushauri wangu: kwa mgongo wa kawaida usioambatana na dalili za hatari, hifadhi fedha za MRI. Ifanye pale mguu unapopoteza nguvu, homa na kukonda vinapokuwepo, au upasuaji unapofikiriwa kwa dhati.

Tiba zikiwekwa ubavu kwa ubavu

Nianze na kulala, kwa kuwa ndiyo tiba ya kwanza nyumbani. Siku moja au mbili za kujituliza hazina tatizo. Wiki mbili godoroni hulegeza misuli ileile inayoshikilia mgongo, na mtu huamka mgonjwa zaidi. Kati ya kulala na kutembea mwendo mfupi mara nyingi kwa siku, kutembea kunashinda kwa mgongo wa kawaida na kwa diski pia.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023, unaohusu maumivu ya kiuno yaliyozidi miezi mitatu bila ugonjwa mwingine nyuma yake, unapendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi, baadhi ya tiba za mikono ikiwemo kuchua, na dawa za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni. Haupendekezi mkanda wa kiuno kama tiba ya kawaida, mashine za kuvuta mgongo, wala dawa kali za jamii ya afyuni kama tramadoli. Namheshimu mtu aliyelipia mkanda kwa fedha za mazao. Lakini kama ana kiasi kilekile cha kutumia, namshauri akitumie kwa nauli ya kuja kwenye mazoezi mara sita.

Diklofenaki hutuliza kweli. Ichukulie kama daraja la siku chache linalokuwezesha kusogea, usihamie juu yake. Ikitumika miezi inaweza kutoboa tumbo, kuumiza figo na kupandisha presha, na wazee wetu wengi tayari wana presha. Ninachokiogopa zaidi ni ile sindano ya mchanganyiko inayochomwa dukani, yenye diklofenaki na deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi. Mgonjwa huamka kama kijana kwa siku tatu. Kama alikuwa na kifua kikuu, sindano imeficha homa na kuushusha ulinzi wa mwili. Kama ana kisukari, sukari imepaa.

Wachuaji wetu wa mitaani siwapingi. Mkono wenye mafuta juu ya misuli iliyokakamaa husaidia, mimi mwenyewe nachua. Ninachopinga ni kukanyagwa mgongoni na kukunjwa kwa nguvu, hasa kwa mzee ambaye mifupa yake imepungua uimara, kwa aliyeanguka, na kwa mwenye homa na kukonda. Pingili iliyoliwa na ugonjwa inaweza kuporomoka chini ya kisigino cha mtu mwenye nia njema kabisa.

Sindano ya mgongo ya hospitali, inayowekwa karibu na mshipa uliobanwa, ni jambo tofauti na ya dukani. Inafaa kwa maumivu makali ya mguu yanayotokana na diski, na nafuu yake ni ya wiki au miezi michache. Kwa maumivu ya kiuno peke yake haina faida ya kueleweka. Thamani yake ni kumpa mtu nafasi ya kulala na kufanya mazoezi wakati diski inajipunguza yenyewe, maana mwili huufyonza ule ute uliotoka.

Sasa upasuaji. Hofu kubwa ni kwamba ukipasuliwa mgongo utapooza. Uti wenyewe huishia usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo huteremka mishipa ya fahamu kama nywele za mkia wa farasi, nayo huweza kusogezwa pembeni. Diski nyingi zinazopasuliwa ziko chini ya uti. Hatari zipo: maambukizi, kuvuja kwa maji ya uti, mshipa kuumizwa, na diski kutoka tena, jambo linalowapata kati ya watu 5 na 15 katika kila 100. Kupooza ni nadra sana.

Faida yake ikoje ukilinganisha na kusubiri? Nchini Uholanzi walifuatilia wagonjwa 283 wenye maumivu makali ya mguu yaliyodumu wiki 6 hadi 12, matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Waliowahi kupasuliwa walipona mapema, kwa wastani wiki 4 dhidi ya 12. Baada ya mwaka mmoja, 95 katika kila 100 wa kila upande walikuwa wamepona. Lakini katika waliopangiwa kusubiri, 39 katika kila 100 waliishia kupasuliwa. Naisoma hivi: kama mguu una nguvu, una haki ya kusubiri na hupotezi kitu, na kama maumivu yamekushinda au kazi ndiyo inayolisha nyumba, kuwahi kisu si woga. Fundi seremala mmoja wa Chang'ombe alichagua kusubiri, dada anayeuza mboga Majengo akachagua kupasuliwa, na sikumwona aliyekosea.

Kwa mfereji mwembamba hesabu ni nyingine, kwa kuwa mfupa uliokua haurudi ulivyokuwa. Wapo wanaokaa miaka bila kuzidiwa, hao waendelee na mazoezi. Anayeshindwa kutembea kutoka nyumbani hadi msikitini au kanisani bila kukaa njiani, upasuaji wa kutanua mfereji humrudishia umbali. Kwa mgongo wa kawaida, kufungwa vyuma si njia ya mkato. Programu nzuri ya mazoezi kwa watu hao huleta matokeo yanayokaribiana na ya vyuma, bila kovu.

Wapi pa kwenda

Anza zahanati au kituo cha afya, upate rufaa kwenda hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ambayo wenyeji tumezoea kuiita Jenerali, na juu yake Benjamin Mkapa. Baadhi ya wagonjwa hupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam. Kwa mwenye diski, safari ya zaidi ya kilomita 400 akiwa amekaa ni adhabu. Tangu treni ya SGR ianze kuja Dodoma mwaka 2024 nawashauri wapande hiyo kama nauli inaruhusu, wasimame na kutembea kwenye behewa kila nusu saa.

Kuna hali ambazo hazingoji ngazi za rufaa. Mtu aliyeanguka kutoka juu ya mbuyu au kwenye bodaboda na mgongo unauma asipandishwe bodaboda nyingine. Alazwe juu ya ubao au mlango, ageuzwe mwili mzima kwa pamoja na watu watatu au wanne, asafirishwe amelala. Na yeyote mwenye maumivu ya mgongo ambaye mkojo umefunga au unatoka bila yeye kujua, ana ganzi sehemu inayokaa kwenye tandiko la baiskeli, au miguu yote miwili imelegea ghafla, ile mishipa ya mkia wa farasi imebanwa yote. Anahitaji kupasuliwa haraka, ikiwezekana kabla saa 48 hazijapita, la sivyo udhibiti wa mkojo na choo unaweza usirudi. Mkifika mapokezi msiseme "mgongo unamsumbua", kwa sababu mtaelekezwa kwenye benchi pamoja na wengine. Semeni: "Mkojo umefunga tangu jana na miguu imekufa ganzi."